9.81 ya kupika

Nafundisha tuisheni ya fizikia hapa Mwanjelwa, Mbeya, Form Five na Six, na kinachonichosha kuliko vyote ni ripoti za pendulamu, ile gololi inayobembea kwenye uzi, unapima urefu na muda wa bembea ili upate g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia. Dogo kapima uzi kwa rula ya mbao, muda kachukua kwa stopuwochi ya simu, afu mwisho anaandika g = 9.8134627, namba zote za kalkuleta kazimwaga pale, na chini kaongeza "makosa yamesababishwa na upepo". Upepo gani na madirisha tumefunga yote kwa baridi hii ya mwezi wa sita?

Mimi naona makosa ya vipimo tunayafundisha kinyumenyume, yaani yamekuwa kitu cha kumalizia ripoti wakati ndo pa kuanzia. Chukua uzi wa sentimita 50. Rula ikikosea milimita 1 hiyo ni asilimia 0.2, haina shida. Bembea moja inachukua kama sekunde 1.42, na kidole kikiwahi au kuchelewa tuseme sekunde 0.2 tayari ni asilimia 14, na kwa vile kwenye fomula ya g muda una kipeo cha pili inajizidisha mara mbili, umeshafika 28! Sasa we hangaika na rula mpaka kesho. Ila ukihesabu bembea 20 kwa mpigo kosa la kidole ni lilelile, linagawanyika tu kwenye sekunde 28, linakuwa asilimia 0.7, mara mbili 1.4, ongeza ya rula 1.6. Kwa hiyo jibu lako lina kosa la kama 0.2, hizo desimali nyingine mapambo.

Afu kuna wanaopika data ili itoke 9.81 kamili, ile ya vitabuni. Jamani, hiyo ni ya Ulaya huko! Sisi tuko karibu na ikweta na Mbeya iko juu kama mita 1,700, g yetu inacheza kwenye 9.78. Mtu anapika, na bado anapika namba ya wenzie. Aliyepata 9.7 au 9.9 kihalali yuko sawa kabisa, vifaa vyetu haviwezi kutofautisha.

Lipo kosa ambalo hata bembea 100 hazilitibu. Ukipima uzi ukaishia kwenye ndoano badala ya katikati ya gololi, kila urefu unapungua upande uleule, kama lumbesa ya viazi, gunia lililojazwa kupita kipimo, pima magunia mangapi mkulima haponi. Hapo badilisha urefu mara kadhaa, chora grafu ya muda kipeo cha pili kwa urefu, chukua slopu (mwinamo wa mstari), g unaipata hapo. Mstari hautapita kwenye sifuri, ila g haiguswi.