Mesmerizimu na hipnosisi: nguvu iko kwa nani?

Wapo wanaosema hipnosisi, yaani hali ya umakini wa ndani ambamo mtu hufuata kwa urahisi ushawishi anaopewa, ni mesmerizimu, yaani tiba ya Mesmer ya kupitisha mikono, iliyobadilishwa jina tu. Wengine, hasa wanaotibu hadi leo kwa kupitisha mikono juu ya mwili wa mgonjwa, hushikilia kwamba hivi ni vitu viwili visivyohusiana. Pande zote zina hoja, ila hazilingani uzito.

Franz Anton Mesmer, daktari wa Vienna, aliamini kuna majimaji yasiyoonekana yanayopita ndani ya kila kiumbe. Yakikwama, mtu huugua. Tabibu huyasukuma, mgonjwa akatetemeka au kuzirai, kisha akapona. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuichunguza tiba hiyo, wakiwemo mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Mvulana aliyesifiwa kuwa mwepesi wa kuihisi nguvu hiyo alifungwa macho katika bustani ambamo tabibu alikuwa ametia nguvu mti mmoja tu, akapelekwa kwenye miti mingine ambayo tabibu hakuigusa, mmoja baada ya mwingine. Alizirai kabla ya kuufikia ule uliotiwa nguvu. Kwangu mimi jaribio hilo linatosha: kilichomwangusha ni matarajio yake.

Hata hivyo tume iliridhika mapema mno. Ilisema chanzo ni mawazo ya mgonjwa, ikaishia hapo, kana kwamba mawazo yanayoweza kumwangusha mtu si jambo la kuchunguzwa. Aliyelichunguza ni James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester. Mwaka 1841 alitazama onyesho la mesmerizimu, kisha akawaambia watu wakazie macho kitu kimoja kinachong'aa. Wakaingia katika hali ileile bila kuguswa, na hiyo ndiyo inayoitwa hipnosisi.

Watetezi wa Mesmer humtaja James Esdaile, aliyewapasua wagonjwa nchini India miaka ya 1840 baada ya kuwatia usingizini kwa kupitisha mikono juu yao, kimyakimya, wakati mwingine kwa saa nyingi. Bila maneno, wanauliza, ushawishi umetoka wapi? Ni swali zito, na nakiri kwamba wataalamu wa hipnosisi huyapa maneno nafasi kubwa kupita kiasi. Lakini mgonjwa anayepitishiwa mikono saa nzima anajua vizuri anachotarajiwa kufanya. Ukimya nao humwelekeza.

Hali, basi, huenda ni moja. Kinachotofautiana ni maelezo, na maelezo yana matokeo. Kwa Mesmer, mgonjwa humhitaji tabibu au chombo alichokigusa. Braid, alipoumwa baridi yabisi, alijiingiza katika hipnosisi peke yake ili kutuliza maumivu.