Mbuzi wa milimani: pointi za miaka ishirini au bahati ya Idaho?

Ikifika Aprili, simu ya ndugu yangu mmoja hapa Boise haitoki kwenye ukurasa wa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Idaho. Ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, ana miaka minane hapa, na ameshaangusha kulungu wawili na elki mmoja, yule ndugu mkubwa wa kulungu. Sasa anamtaka mbuzi wa milimani, yule mweupe mwenye ndevu anayelala juu ya magenge ambako hata theluji inashindwa kushika. Dirisha la maombi ya kibali hufunguliwa tarehe 1 Aprili na kufungwa tarehe 30. Swali lake lilikuwa fupi: "Mukubwa, niombe wapi?"

Kazini kwao kuna mzee mmoja, Mmarekani, aliyekwisha kumjibu. Idaho peke yake ni kupoteza muda, kamwambia. Anza leo kukusanya pointi Montana, Utah, Nevada na Colorado, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayelipia kiwanja kidogokidogo. Mzee mwenyewe ana pointi 19 za mbuzi kule Montana. Wawindaji wengi wa magharibi mwa Marekani wanashauriana hivyohivyo, na anayesema vingine huonekana mvivu au hajui hesabu. Basi tuingie kwenye hesabu.

Pointi ni malipo ya kukosa. Unaomba kibali, droo, yaani bahati nasibu ya vibali, inakupita, unaandikiwa pointi moja, mwakani unaingia nayo. Montana, Nevada na Washington huzidisha pointi zako kwa zenyewe. Mwenye pointi 20 jina lake linaingia kwenye kapu la droo mara 400. Anayeanza leo linaingia mara moja. Miaka mitano ikipita bila yeyote kupata, mgeni ana 25 na mkongwe ana 625. Umeomba miaka mitano, umelipa ada mitano, na pengo kati yenu limetoka 399 likafika 600. Nilipomwonyesha ndugu yangu namba hizo kwenye karatasi ya risiti alicheka, akasema ni kama kumfukuza mtu aliyepanda pikipiki.

Lakini karatasi hiyohiyo inamtetea mzee, na ni haki kusema. Kapuni pengo si kitu. La maana ni fungu lako. Mwanzo mkongwe alikuzidi mara 400. Baada ya miaka mitano anakuzidi mara 25. Baada ya kumi, wewe una 100 yeye 900: mara tisa tu. Kwa hiyo si kweli kwamba pointi zinamwacha mgeni palepale. Anasogea, tena kwa kasi kuliko anavyodhani.

Kinachosahaulika ni kwamba kapuni hamko wawili. Kila mwaka wanaingia wapya, na waliokosa pamoja nawe majina yao yanavimba kama lako. Wanaotoka ni hasa wale waliopata, na kitalu kimoja cha mbuzi huweza kuwa na vibali viwili au vitatu kwa mwaka mzima. Foleni inaongezeka mkiani haraka kuliko inavyopungua kichwani. Colorado huongeza lake: lazima kwanza uwe na pointi 3, maana yake ukose miaka mitatu, ndipo jina lako lianze kuwa na uzito wowote. Utah ina huruma kidogo, maana nusu ya vibali huwaendea wenye pointi nyingi zaidi na nusu nyingine huachiwa droo ya wote. Utah na Nevada pia hukutaka ununue kwanza leseni ya uwindaji ya jimbo ndipo uruhusiwe kuomba, na fedha hiyo hairudi hata ukikosa.

Na vibali havitaongezeka. Sisi tumekua na mbuzi wa nyumbani, anayezaa akiwa bado mdogo na mara nyingi pacha, kwa hiyo neno lenyewe linatudanganya. Huyu wa milimani si mbuzi kamili hata kwa ukoo. Jike wake kwa kawaida hazai mpaka afike miaka minne au mitano, huzaa mtoto mmoja, na si lazima azae kila mwaka. Ukiua jike mmoja kwenye kundi la arobaini, hujapunguza mmoja, umepunguza miaka. Alberta, kule Kanada, walifunga uwindaji wa mbuzi hawa mwaka 1987, na walipofungua tena mwaka 2001 walitoa vibali vya kuhesabu kwa vidole. Washington makundi yamepungua sana tangu katikati ya karne iliyopita, na uwindaji wa zamani ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Pointi hupanga foleni upya. Mbuzi ni walewale.

Sasa Idaho. Hapa hakuna pointi za mbuzi kabisa. Aliyekosa miaka thelathini na aliyefika juzi wana tiketi mojamoja. Wyoming nayo haijawahi kuwa na pointi za mbuzi. Malalamiko dhidi ya utaratibu huu yana nguvu. Mtu anaweza kuomba tangu ujana wake hadi uzee asipate, huku kijana akipata mara ya kwanza. Subira haihesabiwi. Anayetoka nje ya jimbo huambiwa alipe bei nzima ya kibali mapema, maelfu ya dola, arudishiwe baadaye akikosa, na wote wa nje kwa pamoja hawapewi zaidi ya asilimia 10 ya vibali. Tena Idaho inakubana: mwaka unaoomba mbuzi huruhusiwi kuomba kondoo wa pembe kubwa wala yule kulungu mkubwa wa pembe pana kama koleo, na droo za kawaida za kulungu na elki nazo zinakupita.

Hilo la mwisho ndilo linalowaudhi watu zaidi, nami naona ndilo jema kuliko yote. Kwenye majimbo mengi ya pointi, kuomba kila mnyama ni rahisi, na kila mtu anaomba kila mnyama. Anayemtaka mbuzi kwa moyo wake wote anapanga foleni na elfu kadhaa waliobofya kwa sababu kubofya hakukuwagharimu kitu kingine. Idaho inamwambia mtu: chagua. Ukitaka mbuzi, achia droo ya elki. Wasiomtaka kwelikweli wanajitoa wenyewe, na kapu linapungua. Gharama ipo, ila unailipa mwaka huohuo, kisha mmemalizana. Nyama nayo haikosekani, kwani mkazi bado anaweza kununua kibali cha kawaida cha kulungu au elki kwa maeneo yasiyo ya droo.

Tuseme kitalu kina vibali 3 na walioomba ni 30. Nafasi yako ni asilimia 10 mwaka huu, na mwakani ni hiyohiyo kama idadi haikubadilika. Ukiomba miaka kumi mfululizo, nafasi ya kupata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Ukiomba ishirini, ni kama 88. Zile 12 zinazobaki ni watu halisi, watazeeka bila kibali, na mfumo wa pointi usingewatupa kikatili hivyo. Nakubali. Lakini mfumo wa pointi nao huwapa wengi kibali wakati magoti yameshaondoka. Huyu si mnyama wa kusubiri kwenye gari. Unapanda tangu alfajiri, unamkuta, halafu unalazimika kumwacha kwa sababu ukimpiga pale alipo ataporomoka gengeni na utaokota pembe zilizovunjika na nyama iliyojaa changarawe. Unakaa saa nzima na darubini ukiangalia kama ni beberu au jike, na wote wawili wana pembe. Ya beberu ni nene shinani na imepinda taratibu mpaka ncha. Ya jike ni nyembamba, imenyooka, kisha inakunjika ghafla karibu na juu. Kazi hiyo ifanywe na mtu anayeweza kesho kupanda tena.

Ndani ya Idaho pia ipo ya kuchagua. Idara huchapisha kwa kila kitalu idadi ya vibali na ya walioomba, na wengi huishia hapo. Mimi nilimwambia ndugu yangu aangalie pia kundi lenyewe limetoka wapi. Katikati ya jimbo wako mbuzi wenyeji, makundi madogo. Upande wa Palisades, mpakani na Wyoming, mbuzi waliletwa na jimbo kati ya 1969 na 1971, wakazaana vizuri mno, wengine wakavuka na kufika Grand Teton, hifadhi ya taifa ya Wyoming, ambako kuna kundi dogo la kondoo wa pembe kubwa wenyeji wa milima ile. Hifadhi ikawa na hofu ya magonjwa na ya malisho. Februari 2020 wakaanza kuwapiga mbuzi risasi kutoka kwenye helikopta. Wakaua 36 kabla gavana wa Wyoming hajapinga na kazi ikasimamishwa, na baadaye mwaka huo wakaingia wawindaji wa kujitolea kwa miguu. Mbuzi waliotapakaa kutoka kundi hilo waliuawa hata bila droo. Kwangu mimi ni heri risasi ya kibali imwangukie beberu wa huko kuliko jike wa kundi dogo la wenyeji, hata kama nafasi kwenye karatasi imezidiwa kidogo.

Angekuwa anaishi Missoula, ambako nako Wakongo wako, ningemwambia acheze pointi za Montana bila kusita, maana hapo ndiye mkazi na wa nje ndio wenye fungu dogo. Mzee mwenye 19 naye asiache. Ameshalipa, na zinakaribia kumfaa. Kwa mtu wa Boise anayeanza leo, mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba, kulipa ada na leseni za majimbo manne kila mwaka ni kulipia foleni ya wengine.

Jambo moja tulilijadili mwisho. Idaho, aliyepata kibali cha mbuzi asiue, hukaa miaka miwili bila kuruhusiwa kuomba tena. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Novemba. Akahesabu kwa vidole, akaniangalia: mke wake anatarajia Oktoba. Akaufunga ule ukurasa, akasema mwaka huu ataingia droo ya elki, karibu na barabara. Nevada ukikaa miaka miwili mfululizo bila kuomba, pointi zako zinafutwa. Yeye mwakani ataingia na tiketi ileile moja, sawa na mimi.