Kaluna huchanua Agosti, siyo Juni

Kuna makala ya safari inayowashauri wasomaji waende kuona maua Lüneburger Heide, nyika ya vichaka kaskazini mwa Ujerumani, mwezi Juni. Tafadhali msikate tiketi kwa tarehe hizo. Inayoanza mapema ni erika, mmea wa jamii moja na kaluna unaoota kwenye majimaji, nayo ni michache. Zulia la zambarau mnaloliona kwenye picha za makala hiyo ni kaluna, kichaka kifupi chenye maua madogo, na wenyeji huihesabia kuanzia 8/8 hadi 9/9. Kiangazi kikiwa kikavu kama cha 2018, vichaka vingi hunyauka kabla ya kuchanua. Vikigeuka rangi ya kutu, mara nyingi ni mbawakawa waliokula majani. Kwa hiyo ulizia hali ya maua wiki hiyohiyo.

Kutoka Hamburg panda treni hadi Buchholz, kisha Heide-Shuttle, mabasi ya bure ya msimu yanayobeba hata baiskeli. Shika ratiba, hayapiti mara kwa mara. Kutoka kijiji cha Undeloh hadi kijiji cha Wilsede ni kwa miguu, baiskeli au gari la farasi. Magari ya wageni hayaruhusiwi. Bonde la Totengrund liendee asubuhi na mapema, jua likiwa chini. Saa sita rangi hupauka.

Inama uliangalie ua moja: ni dogo kuliko punje ya mchele, na nyuki hawaachi kulizunguka. Kondoo wa Heidschnucke wapisheni njia. Wao ndio wanaotafuna miche ya misonobari. Bila wao pangekuwa msitu.

Msichume, msitoke njiani. Suruali chomekea ndani ya soksi kwa sababu ya kupe, na jioni ujikague kwapani na nyuma ya magoti.