Bei ya Chakula Ikipanda, Daftari la Matumizi Lina Uwezo Gani?

Kila bei za vyakula zinapopanda, mjadala wa bajeti ya nyumbani huzuka upya, na watu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hushikilia kwamba familia nyingi hununua bila mpango, na kwamba anayeandika orodha, akalinganisha bei na kupika kwa vipimo, hayumbishwi kirahisi na soko. Upande wa pili huyaona mawaidha hayo kuwa ni kumtwisha mnunuzi mzigo asioutengeneza: kipato kimesimama palepale, bei zinakimbia, halafu anayehangaikia chungu cha nyumbani anaambiwa kasoro ni matumizi yake. Kwa maoni yangu kila upande una ukweli wake, ila zote mbili huipima bajeti kwa kipimo kimoja tu, yaani fedha inayookolewa, ilhali wakati wa ugumu kazi yake kubwa ni kuilinda sahani ya kila aliye ndani ya nyumba.

Tuanze na wale wanaolalamikia bei, kwa sababu hoja yao hupuuzwa upesi. Fahirisi ya bei za vyakula ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), yaani kipimo cha mwenendo wa bei katika soko la dunia kinachohesabu wastani wa miaka ya 2014 hadi 2016 kuwa 100, ilifika karibu 160 mwezi Machi 2022, muda mfupi baada ya Urusi kuivamia Ukraina. Nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano na mafuta ya alizeti duniani, na hakuna orodha ya manunuzi, hata iwe makini namna gani, ambayo ingemkinga mtu na mshtuko wa aina hiyo. Fahirisi ilishuka baadaye, lakini bei ya rejareja haifuati soko la dunia kwa kasi ileile, kwa kuwa ndani yake mna pia usafirishaji, nishati, vifungashio, ujira, kodi na thamani ya sarafu.

Hapo ndipo tangazo kwamba mfumuko wa bei umepungua humchanganya mnunuzi, kwa sababu anachokiona dukani hakifanani na alichokisikia. Mfumuko ukipungua, maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zimerudi zilikotoka. Chakula kilichopanda kwa asilimia 20 mwaka wa kwanza na asilimia 5 mwaka wa pili kimepanda kwa asilimia 26 kwa jumla, na kama kipato hakikuongezeka, familia inaendelea kulipia mwaka wa kwanza hata kama takwimu za mwaka wa pili zinatia moyo.

Isitoshe, takwimu hiyo ni wastani, na wastani huwaficha watu. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, akitumia hesabu za matumizi ya familia za Ubelgiji, alionyesha kwamba kadiri familia ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Chukua familia mbili, moja ikitumia asilimia 15 ya fedha zake kwa chakula na nyingine asilimia 60. Chakula kikipanda kwa asilimia 20, ya kwanza inahitaji nyongeza ya asilimia 3 ya matumizi yake yote ili iendelee kula kama zamani. Ya pili inahitaji asilimia 12. Kuzipa familia hizi ushauri mmoja, tena kwa sauti ya kukemea, ni kosa, kwani ile ya pili imekuwa ikibana matumizi tangu zamani bila kufundishwa na mtu.

Hata hivyo, ukweli huo hauufanyi upangaji kuwa kazi bure, na hapa siwezi kukubaliana na wanaoudharau. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, zikiwemo sehemu zisizolika kama maganda na mifupa, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Familia yoyote inayotupa chakula kilichoharibika inatupa fedha ambayo imekwisha kuitoa mfukoni, na hasara hiyo, tofauti na bei ya soko, iko mikononi mwake. Ajabu ni kwamba ni hasara isiyoonekana. Mtu hukumbuka bei iliyomuudhi dukani kwa wiki nzima, lakini mabaki aliyoyamwaga jana usiku hayakumbuki. Ndiyo maana ninaamini kwamba katika daftari la matumizi, safu ya vilivyotupwa ina thamani kuliko safu ya bei: iandikwe kwa siku 14 tu, na itajulikana kama kosa ni kupika kingi, kununua vinavyooza kwa wingi, au kusahau kilichokwisha kununuliwa.

Jambo la pili lililo mikononi mwa mnunuzi ni kusoma uzito. Pakiti iliyokuwa na gramu 1,000 ikipunguzwa kuwa gramu 900 huku bei ikibaki ileile, bei ya kila gramu imepanda kwa takriban asilimia 11, ingawa namba iliyobandikwa kwenye rafu haikuguswa. Rangi ni ileile, upana wa mbele ni uleule, na pengo linajificha kwenye unene wa pakiti. Ufaransa iliona jambo hili ni zito kiasi cha kuyataka maduka makubwa, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kuweka tangazo kwa miezi miwili karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei yake kwa kipimo ikipanda. Palipokosekana sheria kama hiyo, kinga iliyobaki ni kugawanya bei kwa uzito, na namba hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa kwenye daftari badala ya bei ya pakiti.

Ushauri ninaouona kuwa na utata zaidi ni ule wa kununua kwa jumla. Kwenye karatasi haupingiki, kwa kuwa mfuko mkubwa karibu kila mara huwa nafuu kwa kilo. Lakini unafuu huo unauzwa kwa mwenye fedha ya mkupuo, na anayelipwa kwa siku hana. Yeye hununua kipimo kidogo leo na kipimo kidogo kesho, akilipa zaidi kwa kila kilo, na anajua hivyo kabisa. Kinachomshinda si hesabu bali mtaji. Hata aliye na mtaji anapaswa kujiuliza mambo ambayo washauri huyapita haraka. Je, kuna mahali pakavu pa kuhifadhia, au nusu ya mfuko italiwa na wadudu na unyevu? Mtoto akiugua katikati ya mwezi, itapatikana wapi fedha ya dawa, ikiwa yote imelala ndani ya mfuko huo? Na je, wingi hautaufanya mkono wa mpishi kuwa mwepesi? Asilimia 15 iliyookolewa kwenye bei inaweza kumalizwa na kipimo kilichoongezeka kidogo kila siku bila mtu kutambua. Njia ya kati ipo, nayo ni familia mbili tatu zinazoaminiana kuchanga, kununua mfuko mmoja na kugawana siku hiyohiyo. Lakini inafaa kwa vyakula vikavu tu, na inadai mizani na uaminifu wa hali ya juu.

Vivyo hivyo kwa ushauri wa kuhamia vyakula vya bei nafuu vinavyohitaji kuchemshwa muda mrefu. Nishati ikiwa ghali, bei ya chakula pekee haisemi kitu mpaka ijumlishwe na gharama ya kukiivisha pamoja na saa za anayesimama jikoni.

Turudi sasa kwenye kazi kubwa niliyoitaja mwanzoni. FAO ina mizani ya kupima uhaba wa chakula kwa kuwauliza watu wenyewe maswali 8. Yanaanza na wasiwasi wa kukosa chakula, yanaingia kwenye kushindwa kula chakula chenye lishe na kula aina chache tu, kisha kuruka mlo, kula kidogo kuliko inavyopasa, kuishiwa chakula nyumbani, kuwa na njaa bila kula, na mwisho kumaliza siku nzima bila kula. Mpangilio huo una mafunzo. Kabla tumbo halijawa tupu, sahani huwa imekwisha kubadilika: kiasi ni kilekile, watoto wanashiba, lakini mboga, matunda na vyenye protini vimepungua. Kwa mtoto mdogo mabadiliko hayo hayasubiri, kwa sababu udumavu unaoanza katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi miaka 2, kwa sehemu kubwa haurekebishiki baadaye.

Familia isiyo na mpango hupunguza pia, ila hupunguza kimyakimya, na mara nyingi anayejipunguzia ni yule yule anayepakua. Anawagawia wote, anakwangua sufuria, na anasema ameshashiba. Bajeti iliyoandikwa na kusomwa mbele ya watu wazima wote wa nyumba huutoa uamuzi huo gizani. Inalazimu kuulizwa nini kinapunguzwa kwanza, kama ni muda wa maongezi wa simu, vinywaji vyenye sukari na nguo mpya, au yai la mtoto na mlo wa mama anayenyonyesha. Ningependa familia iandike mstari wa lishe ya watoto na wajawazito juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kuandika kitu kingine chochote, na ikate kila mstari ulio chini yake kabla ya kuugusa huo.

Itatokea pia kwamba kila kilicho chini kimekatwa na hesabu bado haifungi. Hapo wanaolalamikia kipato ndio walio sahihi, na daftari linageuka kuwa shahidi wao. Mfanyakazi anayekwenda kudai nyongeza ya ujira akiwa na kumbukumbu ya miezi 6, inayoonyesha kilo zilezile zikinunuliwa kwa fedha nyingi zaidi mwezi baada ya mwezi, ana hoja nzito kuliko anayesema tu kwamba maisha yamepanda, na chama chake kikikusanya kumbukumbu 200 za namna hiyo, mwajiri atalazimika kujibu namba kwa namba.