Uamuzi wa Busara na vijana wa kijiweni

Hapa Tabora ukisema hupigi kura, wazee watakurudisha Januari 1958. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikutana mjini hapa ikiwa na mfupa mgumu: Waingereza wameruhusu uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au wadhifa ambao Waafrika wengi hawakuwa nao. Wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo, na wagombea waliobebwa na TANU wakashinda. Uamuzi wa Busara, ndivyo unavyoitwa mpaka leo.

Hoja ya wazee si nyepesi. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ikazoa karibu viti vyote. Na mwenyekiti wa mtaa si mtu wa kupuuza: utafute kitambulisho cha taifa au ukamdhamini ndugu polisi, utaambiwa ulete barua yenye muhuri wake.

Vijana wa bodaboda Isevya wana kipimo kingine: asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanataka kujua fomu zilitoka lini, nani aliambiwa mapema, kikundi chao kimeachwa kwa sababu gani. Kwao demokrasia ni kujibiwa hayo na mtendaji bila kufokewa. Kura inakuja baadaye, ikija. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 chama cha upinzani CHADEMA hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, na kijana aliyekitaka huwezi kumwambia achague tu yeyote aliyemkuta.

Mimi naona wazee wanasimulia nusu. Masharti ya 1958 yalikuwa mabaya, lakini yalijulikana mapema, na TANU iliweza kuunga mkono watu wake katika nafasi zote tatu. Zuberi Mtemvu, aliyekataa uamuzi ule, alitoka akaanzisha chama chake cha ANC, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu. Kura zake hazikufika asilimia 2. Alishindwa vibaya, ila jina lake lilikuwepo. (Mwaka 1965 sheria ikabakiza chama kimoja Bara, hapo wazee huwa wanapita haraka.)

Vijana nao siwaachii. Nenda mkutano wa mtaa siku ya kusoma mapato na matumizi: wazee wapo, akina mama wa vikoba wapo, kijana ni wa kutafuta kwa tochi. Kule hakuna aliyemkata mtu jina. Kutokwenda huko hakuwezi kuitwa kususia. Ni uvivu, na mwenyekiti mjanja anaupenda sana.

Hata hivyo mzigo mkubwa nauweka kwa wazee, kwa kuwa wao wana sikio la chama tawala, CCM. Kabla ya wapinzani kujitoa 2019, wagombea wao wengi walikuwa tayari wameenguliwa, baadhi kwa makosa ya kujaza fomu. Mzee anayemhimiza mjukuu wake akapange foleni alfajiri, siku ile majina yanakatwa alikuwa wapi?