Daftari la msamiati wa Kiingereza linaonewa

Ukiulizia kozi ya Kiingereza hapa Dar es Salaam, iwe Kariakoo, Ubungo au Mbagala, ushauri utakaokutana nao ni uleule: achana na kukariri maneno, ongea tu, Kiingereza kitakuja chenyewe. Kijana mwenye daftari la neno, maana na sentensi ya mfano anaonekana mshamba wa kujifunza. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unamtupa mkono mtu mwenye shida kubwa zaidi, yule anayetaka kusoma.

Mtafiti wa msamiati Paul Nation wa New Zealand alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunadai familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia moja ni neno pamoja na ndugu zake, kama decide, decision na decisive. Alianzia kwenye kipimo kwamba msomaji awe anajua asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake.

Asilimia 98 inasikika kama anasa, kwa hiyo tuipigie hesabu. Kwenye ukurasa wa maneno 300, anayejua asilimia 98 anakwama mara 6. Anayejua asilimia 90, alama ambayo shuleni kwetu ni A isiyo na ubishi, anakwama mara 30, karibu kila mstari. Na hayo 30 si the wala and. Mara nyingi ndiyo yaliyobeba habari yenyewe: nani kashtakiwa kwa nini, dawa inazuia nini, mkataba unamfunga nani. Mtu huyu anajua maneno tisa kati ya kumi na bado hawezi kukwambia aya imesema nini. Kumwambia asome tu, maneno yatakuja, ni kumpa ushauri unaomfaa aliyekwisha kufika.

Wengi wetu tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta biolojia na jiografia kwa Kiingereza. Nyumbani ni Kiswahili, kwenye daladala Kiswahili, sokoni Kiswahili. Na Kiingereza cha mazungumzo ya ofisini kinazunguka kwenye maneno yaleyale machache. Neno la kiwango cha juu unaweza kulikuta leo, usilione tena hadi mwezi ujao, na kufikia hapo umeshalisahau. Lazima kuwe na namna ya kulirudia kwa makusudi, na daftari linafanya kazi hiyo.

Tena mzigo wenyewe hauogopeshi hivyo. Mwaka 2000 mtafiti mwingine wa msamiati, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, nje ya yale 2,000 ya kawaida ambayo Michael West aliyakusanya mwaka 1953. Familia hizo 570 zinabeba takribani asilimia 10 ya maandishi ya chuo. Kwa mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, familia kumi kwa siku ni kazi ya miezi miwili. Hakuna mazungumzo ya miezi miwili yatakayompitisha kwenye yote 570.

Wanaopinga wana hoja yao, na ina nguvu hasa kwenye vile vitini vya fotokopi vyenye neno upande huu na tafsiri ya neno moja upande ule. Chukua mitigate. Ukiambiwa tu kwamba ni kupunguza, utaandika "I mitigated the sugar in my tea". Sarufi haina kosa, lakini hakuna anayesema hivyo. Sasa weka sentensi: "Planting mangroves can mitigate coastal erosion." Mkazi wa Kunduchi, anayejua bahari inavyokula ufukwe, ataona mara moja kwamba neno hili linatembea na madhara: hatari, hasara, mmomonyoko. Kamusi ya Cobuild, iliyosimamiwa na John Sinclair na kutoka mwaka 1987, ilichukua mifano yake kwenye Kiingereza kilichotumika kweli kwa sababu kama hii. Kwa hiyo lawama iende kwa anayekariri nusu ya neno.

Ni kweli pia kwamba daftari halimpi mtu ulimi mwepesi. Kuzungumza kunataka kuzungumza, na wapo wanaoingia kwenye usaili na maneno mazito yasiyokaa mahali pake. Wapo pia wanaosema dawa ni kufundisha sekondari kwa Kiswahili. Naunga mkono sehemu kubwa ya hoja hiyo, lakini aliye kidato cha tatu leo ana mtihani mwakani.

Ningewaomba walimu wa tuisheni wapunguze idadi ya maneno kwa siku, kila moja lipate sentensi mbili, na mwanafunzi afunike maana kwa mkono na kuikumbuka kabla ya kuitazama, leo, kesho, kisha wiki ijayo. Maana nazo ziende na kiwango. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilieleza maneno yake kwa kutumia maneno ya msingi kama 2,000 tu, hivyo aliyeyamudu hayo anaweza kuhamia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ambaye bado, apewe maana kwa Kiswahili bila aibu. Kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Kiingereza-Kiswahili ipo tangu 1996.