Mama aliyeshika tama kwenye dinari

Juzi nimeona picha ya dinari, sarafu ya fedha ya Kaizari Vespasian wa Roma, inayopigwa mnada. Maelezo yamejaa sifa: fedha nzuri, sura ya Kaizari haijafutika, ukumbusho wa ushindi dhidi ya Yudea, nchi ya Wayahudi. Aya nzima, na mwanamke aliyeketi upande wa pili hakupata hata neno moja. Imeniuma.

Mtazameni basi. Ameketi chini kabisa, ardhini. Kichwa kimeinama, ameshika tama. Mkao huo sisi hatuhitaji kuelezwa, tumeuona kwenye majamvi ya misiba tangu utotoni. Pembeni yake umesimikwa mti, ukavikwa kofia ya chuma na deraya za walioshindwa, kama askari asiye na mwili. Chini limeandikwa neno moja tu: IVDAEA, yaani Yudea kwa Kilatini. Mwaka 70 BK Yerusalemu ilianguka, hekalu likateketea, na taifa zima likawa mama mmoja anayelia kwenye kipande cha fedha kisichofika gramu 4.

Kisha kipande hicho kikawa mshahara. Askari wa kawaida wa Roma zama hizo alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Alizinunulia divai, muuza divai akazilipia ngano, nazo zikazunguka hivyo hivyo, hadi Myahudi aliyenusurika naye angeweza kurudishiwa chenji yenye msiba wake. Hapo ndipo ninaposhindwa. Kwenye Injili Wayahudi waliulizwa sura iliyo kwenye dinari ni ya nani, wakajibu ni ya Kaizari. Miaka kama 40 baadaye upande mmoja ulikuwa bado wa Kaizari, na upande wa pili walikuwa wao.

Haya, fundi aliyechonga muhuri ule alikuwa hodari, siwezi kukataa. Na dinari alizotoa jemadari wa Roma Mark Antony mwaka 32 na 31 KK kuwalipa askari wake zina merikebu, tai na bendera za vikosi, hakuna mateka. Lakini Kaizari Trajan alimketisha mtu wa Dacia, nchi aliyoiteka, juu ya silaha zilizotekwa, naye akiomboleza. Octavian, aliyekuja kuwa Kaizari Augusto, alipoitwaa Misri hakuchora mtu hata mmoja upande wa pili wa sarafu yake, alichora mamba.

Anayeandika maelezo ya mnada ana mistari sita. Mmoja ungemtosha huyu mama: ameketi chini, analia, mji wake umechomwa.